Barua ya Mlango wa Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeiba tangazo. Siyo kuiba hasa. Nimelihifadhi. Lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa maktaba ya mtaa: anatafutwa mkazi wa siku nyingi, awatembeze wakazi wapya Jumamosi saa nne asubuhi na kuwaeleza mtaa ulivyokuwa zamani. Mkazi wa siku nyingi! Nani zaidi yangu? Miaka arobaini na tatu nimetengeneza taipureta katika chumba kimoja, mpaka taipureta zenyewe zikanikimbia. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikalibandua.

Binti yangu, ambaye ni nesi na ndiye ninayeishi naye ghorofa ya tatu, kauliza nimefurahia nini. Nikamwambia hewa safi. Akanipima joto.

Jumanne, 4 Machi

Nimejitokeza kwa mkutubi. Msichana mpole, miwani mikubwa, sauti ya mtu aliyezoea kunong'ona. Kashangaa kwamba hakuna mwingine aliyekuja. Nami nikashangaa. Nikasema siku hizi watu hawajali mambo ya maana. Akasema basi atapita mwenyewe nyumba kwa nyumba amtafute wa kunisaidia, maana kazi hiyo ni nzito kwa mzee mmoja.

Mzee! Na nyumba kwa nyumba! Laiti ningeliacha tangazo mahali pake.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Nimeuzunguka mtaa na daftari. Niliyogundua: watu wanaongea peke yao barabarani na hakuna anayewakimbiza hospitali. Ni waya masikioni. Nimeitikia salamu tatu zisizo zangu. Moja ilikuwa ya mapenzi.

Kwenye lifti kila mtu anakodolea macho namba za ghorofa, utadhani akipepesa zitaruka moja. Zamani tulikuwa na ngazi. Kabla hujafika ghorofa ya pili umeshajua nani anaumwa, nani kaposa, nani kaunguza chungu. Ulifika juu umechoka lakini unajua mambo.

Jumba la sinema silioni. Viti mia nne, pazia jekundu, halafu lipotee kama sindano?

Ila nyumba ya mlango wa kijani ipo. Mlango sasa ni wa kioo, na ndani watu wanakimbia juu ya mashine bila kufika popote. Hapo ndipo marehemu mke wangu alipoishi kwa wazazi wake nilipomwandikia barua ya kwanza. Siku kumi na moja alikaa bila kunijibu. Kumi na moja! Nilimkumbusha kila tulipogombana, na hata tulipokuwa hatujagombana. Yeye alicheka tu.

Nilisimama pale mpaka kijana wa mapokezi akaja kuniuliza kama nataka kupunguza tumbo.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mkutubi kampata Bwana Posta.

Huyu alipeleka barua mtaani miaka thelathini. Anajua kila mlango na mbwa wa kila mlango. Hatupikiki chungu kimoja. Aliwahi kutamka kwa kinyozi, watu wakisikia, kwamba taipureta zikitoka kwangu huandika kwa kigugumizi.

Nikamwalika chai, nimkamue kumbukumbu zake kabla ya Jumamosi. Kanywa vikombe vinne. Kamaliza biskuti. Kanieleza habari za goti lake la kushoto saa nzima, na la kulia kwa muhtasari. Nilipomtupia swali la sinema ilikuwa wapi, akafuta mdomo na kusema nitaisikia Jumamosi pamoja na wenzangu.

Binti kacheka jikoni. Nimemsikia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamua. Asiyekumbuka, atunge. Nimetunga roshani kwenye nyumba ya mlango wa kijani. Mke wangu yuko juu, mimi niko chini na gitaa. Sijawahi kushika gitaa, lakini nani atauliza?

Nimemsomea binti. Akasema, Baba, njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia matembezi yenyewe ni ya nusu saa tu.

Jumamosi, 8 Machi

Watu kumi na wanane. Mimi na koti langu la harusi, vifungo vikilia. Nikaanza kwa kishindo: nikanyoosha kidole kwenye duka la simu, nikasema hapa ndipo lilipokuwa jumba la sinema.

Bwana Posta akakohoa. Akasema hapo palikuwa kwa mshona viatu, namba kumi na saba. Sinema ilikuwa ng'ambo. Wote wakageuka. Nikageuka pia, kana kwamba ndivyo nilivyopanga.

Akakohoa mara tano zaidi. Tulipofika kwa kinyozi watu wote walikuwa upande wake. Mimi nilibaki na bibi mmoja asiyesikia vizuri.

Tukafika kwenye mlango wa kioo. Nikatoa silaha yangu. Roshani! Gitaa! Jioni! Watu wakaanza kurudi kwangu mmoja mmoja. Mama mmoja akafuta macho. Kisha nikamtazama Bwana Posta, nikingoja anichinje, maana nyumba ile haikuwahi kuwa na roshani.

Hakukohoa. Aliutazama mlango kitambo. Akasema, "Fundi, barua yako ya kwanza ilinitesa."

Akaeleza. Kwenye bahasha niliandika jina la binti wa watu, na chini yake: Mlango wa Kijani. Basi. Hakuna mtaa, hakuna namba. Na wakati ule nusu ya milango ilikuwa ya kijani. Angeweza kuitupa. Badala yake, kila siku baada ya kumaliza mzigo wake, alibisha hodi kwenye milango michache. Siku ya kumi na moja akafika hapa. Msichana akafungua, mikono ina povu la sabuni, akajifuta kwenye gauni, akaisoma palepale kizingitini. Akamwomba angoje. Akamletea maji.

"Sijamaliza glasi," akasema Bwana Posta, "jibu liko mkononi mwangu. Kaliandika nyuma ya karatasi ya kalenda."

Karatasi hiyo ninayo. Miaka yote nilidhani ni dharau. Kumbe ilikuwa haraka.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mke wangu ndiye aliyemzuia. Alimwambia: "Usimwambie. Akijua alisahau anwani ataona haya mbele yangu. Afadhali nionekane mimi ndiye niliyechelewa."

Ndani ya kioo watu waliendelea kukimbia. Bwana Posta akanishika bega, akanivusha barabara kama mtoto, nami nikakubali.

Jumapili, 9 Machi

Nimeitoa karatasi ya kalenda. Nimeisoma na binti. Maneno manne tu: Ndiyo. Njoo kwa mama. Mwandiko umefifia kwa maji kwenye ncha. Tumelia sote wawili, kisha tukacheka, kisha tukalia tena.

Maskini mke wangu. Miaka yote hiyo nikimdai siku kumi na moja, naye akinyamaza na kucheka.

Nimeapa. Sitatunga tena uongo. Sitamwonea tena kijicho Bwana Posta. Ni ndugu yangu kuanzia leo.

Jumatatu, 10 Machi

Mkutubi kapiga simu. Watu wameomba matembezi yarudiwe Jumamosi ijayo. Wanataka hasa kisa cha barua.

Nimefikiri sana. Kisa hicho, kwa haki, ni changu. Barua yangu, mke wangu. Bwana Posta alibeba tu. Nikikisimulia mimi kitapendeza zaidi. Nitaongeza mvua. Na mbwa mkali. Anwani, nitasema, sikuisahau: niliiacha makusudi, nijaribu kama mapenzi yatafika yenyewe.

Tunaanza saa nne kamili. Bwana Posta nimemwambia saa tano.