Damu Yangu Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Kano ya bega la kulia imechanika. Daktari kanionyesha kwenye picha, mstari mwembamba kama uzi. Fundi rangi wa miaka ishirini kazini, naangushwa na uzi! Tangu Mama apooze miguu, mimi ndiye niliyembeba kila asubuhi hadi barazani aote jua. Sasa anambeba mdogo wangu, Kitinda. Leo Mama kamwambia ana mikono myepesi. Miaka mitatu nimembeba, sikuambiwa hivyo hata siku moja. Imeniuma kuliko bega.

Jumatano, 5 Machi
Ipo tiba. Damu inatolewa, inazungushwa kwenye mashine, kisha yale maji ya manjano yenye chembe za kugandisha damu yanadungwa begani. Huenda kano ikapona upesi zaidi. Daktari hakuahidi. Nikauliza damu ya nani. Akasema, "Damu yako mwenyewe." Sindano mbili! Heri ngazi mbovu.
Njiani akili ikanijia. Kitinda ni nani kwangu? Tumbo moja, ziwa moja. Damu yangu mwenyewe! Basi achomwe yeye. Na mkono wake ukimuuma siku mbili tatu, shauri yake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda na Kitinda kliniki. Hakuuliza swali, alikunja shati hadi kiwikoni akanyoosha mkono. Muuguzi akataka kujua mgonjwa ni yupi. Nikamweleza habari za damu na undugu. Alicheka mpaka akaketi. Kitinda hakucheka. Alisema ingekuwa inawezekana, wangechukua tu yake. Nikaona haya, kidogo.
Nikachomwa mimi, macho nimefumba, Kitinda kanishika mkono. Amri: wiki sita nisinyanyue kitu kizito, na siku za kwanza bega litauma.

Jumanne, 11 Machi
Haliumi sana! Wiki sita ni za wazee. Kitinda kaenda kazini bila kumtoa Mama nje, kachelewa kuamka. Nafasi hiyo! Nikamkumbatia Mama, nikamwinua. Hatua ya pili, bega likalia ta. Nilitangulia chini mimi, yeye akaangukia juu yangu. Hakuumia, namshukuru Mungu. Tukakaa sakafuni mpaka saa tisa Kitinda aliporudi.
Nililia. Mama akanifuta kwa ncha ya shuka. Akasema, "Wa kunibeba yupo. Wa kupiga naye soga ulikuwa wewe, na tangu uumie huji." Nilikuwa nimemnunia siku zote hizo, naye alikuwa ananingoja.

Alhamisi, 13 Machi
Daktari hakunigombeza, na hiyo ni mbaya zaidi. Kano imechanika mara mbili ya mwanzo. Huenda nikapasuliwa. Huenda nisipande ngazi tena.
Nimekaa na Mama asubuhi nzima, mkono umefungwa shingoni. Kanisimulia nilivyokuwa mtoto mbishi, tukacheka. Nimemwahidi kukaa naye kila siku, basi, bila ujanja. Nilisema kwa moyo wote.
Jioni Kitinda kaniarifu kwamba Jumamosi anasafiri kikazi, na jirani atakuja kumbeba Mama. Jirani! Mtu baki! Nimeingia stoo, nikafunga mlango, nikanyanyua ndoo ya rangi iliyojaa. Mara kumi.
Bega la kushoto ni zima kabisa.