Siku ya Nne, Usitoke Juani

Uso ukimenywa kwa dawa, siku ya tatu unabanduka. Shida ni hiyo, hakuna nyingine. Siku ya kwanza unang'aa, siku ya pili unakaza kama ngozi ya ngoma, siku ya tatu unaanza kutoka vipande vipande kidevuni na pembeni mwa pua. Na mwenye uso, hata kama aliambiwa mapema, anaamini kwamba anakufa.

Aliyekuwa akimenya watu Jinja ni Daxa, mama wa Kihindi mwenye chumba cha urembo katika moja ya zile nyumba za zamani zenye mwaka wa kujengwa juu ya mlango. Kazi yake ilikuwa safi. Aliyetaka kugeuzwa mweupe alifukuzwa. Yeye alipaka dawa laini kwa dakika chache, akaosha, ili madoa ya chunusi yafifie. Watu wakaita kumenywa, kama ndizi za matoke. Mteja akishainuka kitini, Daxa alimwambia maneno yale yale anayomwambia kila mtu:

"Osha na maji ya vuguvugu. Paka mafuta ya mgando, mengi. Ngozi usivute na mkono, itatoka yenyewe. Jiko la mkaa usikaribie. Jua, hapana kabisa. Wiki moja tu. Kuna swali?"

Hakukuwa na swali, kwa sababu hakuna aliyesikiliza. Maneno yalikuwa ya bure, na cha bure hakina msikilizaji.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chapati, mtu mmoja alisikiliza. Jina lake Ukasha.

Huyu alikuwa mtoto wa Kinubi. Babu wa babu yake aliletwa na jeshi, jeshi likaondoka, Kiswahili kikabaki nyumbani. Kwa Kiswahili hicho Ukasha alikuwa ameuza viwanja vya watu wengine, nafasi za kazi katika kiwanda kilichofungwa, na mara moja, kwa mchungaji, ng'ombe aliyekuwa amekwisha kufa. Hakuwahi kukamatwa. Si kwa sababu ya akili, ingawa yeye alidhani hivyo. Ni kwa sababu ya uso. Ukasha alikuwa na uso ambao haukukumbukwa na mtu. Hakuwa mzuri, hakuwa mbaya, hakuwa na kovu, mwanya wala ndevu. Polisi wakiuliza, "Anafananaje?" waliotapeliwa walitazamana, mwisho mmoja akasema, "Afande, ni mtu tu." Seremala ana randa yake, mvuvi ana wavu wake. Ukasha alikuwa na uso huo.

Siku hiyo alimwona Mama Nulu, mke wa kapteni mmoja wa kambi ya jeshi ya Kimaka, anaingia kwa Daxa amejifunga shungi hadi machoni.

"Daxa! Umeniua! Tazama! Kapteni amekataa kula meza moja na mimi!"

"Siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi sawa kabisa. Nenda nyumbani, paka mafuta, ngoja."

"Ningoje nini? Nipe dawa!"

"Dawa ni kungoja, mama."

Mama Nulu akatoka na pesa mkononi. Ukasha akaacha chapati katikati. Katika maisha yake alikuwa amewaona watu wanaonyimwa vitu kwa kukosa pesa. Mtu anayeshika pesa akanyimwa pa kuzitupa, huyo hakuwahi kumwona, na moyo wake ukaingiwa na huruma.

Jioni hiyo hiyo alinunua ndoo ya mafuta ya mgando kwa Vallabh wa duka la jumla, na makopo madogo, na chupa ya marashi ya waridi. Akaupa mchanganyiko wake jina: Tulia Saba. Akanakili maneno ya Daxa kwenye karatasi, akayapa namba na kuyaita Kanuni. Ya kwanza maji ya vuguvugu, ya pili kupaka, ya tatu usivute ngozi, ya nne usitoke juani, hadi ya saba, ambayo ilisema usimwazime mtu kopo lako. Hiyo aliitunga mwenyewe. Kopo moja shilingi elfu thelathini.

Kisha akakaa hatua thelathini kutoka mlango wa Daxa na kuwangoja wanaolia.

Jambo la ajabu ni kwamba dawa ilifanya kazi. Ilifanya kazi kila mara. Mtu alinunua siku ya tatu, akafuata Kanuni zote kwa kuwa sasa amezilipia, na siku ya saba ngozi mpya ikatoka laini kama ya mtoto. Mama Nulu alirudi na kuku. Jogoo mzima, ananyoosha shingo chini ya kwapa lake.

"Bwana daktari, hii ni yako. Kapteni sasa hatoki nyumbani."

Ukasha alimpokea yule jogoo. Miaka ishirini ya utapeli, na hakuna mteja aliyewahi kumtafuta kwa shukrani. Alihama chumba wiki hiyo, kwa mazoea tu. Lakini walipofika wateja sitini, na wote wamepona, akaanza kuzisoma Kanuni zake usiku kabla ya kulala. Aliziamini. Hapo ndipo alipopotea, maana mwizi akianza kusali kwenye msikiti aliouiba, wenye msikiti wako karibu.

Pesa alikuwa nazo milioni moja na laki nne. Kwenye simu hakuziweka, kwa sababu simu ina jina. Alizifunga kwa nailoni, akazilaza chini kabisa ya boksi, juu yake makopo arobaini. Akaweka maboksi mawili mengine juu ya hilo, akapanda nayo gari kwenda Mbale kutafuta mtu mwenye tamaa.

Alimpata huko Nkoma, mtaa wa walimu, makarani na wanafunzi wa chuo, katika saluni yenye pazia la kijani. Aliyekalia kiti alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye macho ya usingizi, anatafuna karanga moja moja kama anayezihesabu. Aliitwa Wilkista. Alikuwa ameishi sana mpakani Busia, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Mbale nzima.

"Sikuuzii kopo, dada," Ukasha alianza. "Kopo ni la wajinga. Nakuuzia uwakala. Mlima Elgon wote, kuanzia hapa mpaka juu kwenye kahawa, atakayetaka Tulia Saba apite kwako. Milioni tatu."

"Tatu," Wilkista alisema, akatafuna. "Si nyingi."

Ukasha alijilaumu kimoyomoyo kwa kutosema tano.

"Pesa ipo, kaka." Akafungua mkoba, akamwonyesha bunda, akafunga. "Lakini nikuulize. Wewe mwenyewe umewahi kumenywa?"

"Mimi? Mimi ni daktari wa dawa. Mwenye duka la majeneza analala ndani?"

"Halali. Lakini muuza pilipili akikataa kuonja, wanawake wa huku wanaondoka. Mimi namenya, nilijifunza Kisumu. Nikumenye Jumatatu, wateja wakuone siku ya tatu unavyobanduka, wakuone siku ya saba unavyong'aa. Siku ya saba nakupa tatu yako. Au unaiogopa dawa yako?"

Mtu mwingine angeiogopa. Lakini Ukasha alikuwa na mashahidi sitini na jogoo mmoja. Jumatatu akalala kitini. Dawa ikamwasha kama aliyepakwa pilipili changa, Wilkista akapepea kwa gazeti, dakika chache, maji baridi, kwisha.

"Sasa daktari," alisema, "Kanuni zako unazijua kuliko mimi."

Akampa chumba cha nyuma, shuka safi ya maua, na chakula mara mbili kwa siku. Maboksi matatu yakakaa mbele, karibu na kioo, wateja wayaone. Ukasha alijilaza kitandani akiyatazama kwenye upenyo wa pazia.

"Dada Wilkista! Ukiuza, anza na boksi la juu."

"Sawa, kaka."

Baada ya muda: "La chini usiliguse. Lile ni... la mwisho."

"Sawa, kaka," Wilkista alijibu. Karanga ikasimama kidogo mdomoni, kisha ikaendelea. Maana mtu akikwambia usiguse la chini, amekwisha kukwambia yote.

Siku ya tatu uso ukabanduka kama ilivyoandikwa. Wanawake wa Nkoma walikuja kumtazama. Wilkista aliwatoza elfu mbili mbili mlangoni, na Ukasha alisikia kila neno.

"Banange! Huyu si ni kama ukuta wa chumba changu?"

"Msiguse! Anauma?"

"Haumi. Ssebo, bwana, geuka upande huu kidogo. Asante."

"Na siku ya saba anakuwaje?"

"Njooni siku ya saba mwone," Wilkista alisema. "Kiingilio ni kile kile."

Pua ilimwasha Ukasha mpaka machozi, lakini hakuvuta hata kipande. Alipaka mafuta, akaikalia mikono yake. Walimu watatu wa shule ya msingi walinunua makopo papo hapo kwa kumwona alivyo mvumilivu.

Siku ya nne, Alhamisi, saa saba mchana, alisikia pikipiki ya boda inazimwa nje, na sauti ya Wilkista ikimwambia mwendeshaji.

"Nicanor, kamba ikaze. Boksi la chini lina uzito."

Ukasha aliruka kitandani, akafika kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Hapo akasimama kama aliyeona nyoka. Maboksi yote matatu yalikuwa yamefungwa nyuma ya boda. Wilkista alikuwa amekaa kiupande katikati, mkoba mapajani. Kutoka kwenye kizingiti hadi kwenye boda ni hatua kumi na mbili. Na hatua zote kumi na mbili zilikuwa zimejaa jua la Mbale, jeupe, limesimama wima, hakuna kivuli hata cha kuku.

"Dada! Unaenda wapi?"

Wilkista alitoa karatasi mkobani, akaisoma kwa sauti ya kanisani: "Kanuni ya nne. Usitoke juani, hata kama nyumba inaungua." Akaikunja. "Ni maneno yako, daktari. Rudi ndani. Utajiharibu."

Aliyasema kwa huruma ya kweli. Hilo ndilo lililomuuma zaidi Ukasha.

Mbele yake zilikuwa zinaondoka milioni moja na laki nne. Kwa vidole aligusa shavu lake, laini kama ute wa yai, na alijua, kuliko mtu yeyote kutoka Nile hadi Elgon, jua lingelifanya nini. Alihesabu moja. Alihesabu mbili. Nicanor akapiga kiki.

Akaenda ndani. Msifurahi, alienda kuchukua shuka.

Alitoka amejitanda kichwa hadi kiunoni, maua mekundu na ya njano, akakimbia. Alimfuata Nicanor kwenye kona ya kwanza, ya pili, akaingia barabara kuu. Shuka ikanasa kwenye waya wa kibanda cha matunda, ikabaki huko. Akaendelea bila shuka. Jasho likamwingia chini ya ngozi inayobanduka, pakawasha ambavyo hapajawahi kuwasha, na chini ya jicho la kushoto, mbio mbio, bila kufikiri, akavuta. Kipande kilitoka kirefu kama ganda la ndizi.

"Mzee, unadondoka!" kijana mmoja wa boda alimpigia kelele.

"Mwacheni, anakimbilia kiraka cha uso!"

Karibu na mnara wa saa, pumzi zikaisha. Boda ilikuwa nukta, kisha haikuwa kitu. Askari wa barabarani alimkaribia.

"Vipi, bwana?"

"Afande, nimeibiwa."

"Nini?"

"Dawa. Makopo mia na kitu."

"Dawa gani? Leseni yako ya kuuza dawa?"

Ukasha alitazama mnara wa saa. "Afande," alisema, "nimekumbuka. Sikuibiwa."

Alirudi saluni kuchukua shati lake. Ndani alimkuta mwanamke asiyemjua, amevaa gauni la msiba, anafungua madirisha.

"Wewe ni nani?" mwanamke aliuliza.

"Mgeni wa mwenye saluni."

"Mwenye saluni ni mimi. Naitwa Eseza. Nilienda kuzika shangazi, nikamwachia funguo mwanamke aliyekuja kusuka nywele, anaitwa Wilkista, mpole sana. Yuko wapi? Na shuka yangu ya maua iko wapi?"

Ukasha akaondoka bila shati, macho ya Eseza yakiwa kwenye alama mbichi chini ya jicho lake la kushoto.

Baada ya wiki tatu alikuwa Jinja, kwenye kiti cha Daxa. Uso wote ulikuwa umepona vizuri, isipokuwa chini ya jicho la kushoto. Hapo palikuwa na doa jeusi, refu, lenye umbo la pilipili. Daxa alimgeuza kichwa kwenye mwanga.

"Ulitoka juani. Siku ya ngapi?"

"Ya nne."

"Na ulivuta."

"Kidogo, mama. Nilikuwa na haraka."

"Doa linakaa miezi. Labda mwaka. Kofia, mafuta ya kuzuia jua kila siku, na kungoja." Akaosha mikono. "Sikutozi kitu. Haya niliwaambia wote. Na kuna mpumbavu mmoja hapo nje alikuwa anawauzia."

Kwa mara ya kwanza Ukasha alisikiliza kitu cha bure bila kufikiria namna ya kukiuza.

Alipotoka, kijana wa boda pale stendi alimtazama, akatazama simu yake, akamtazama tena.

"Bwana, samahani. Kuna ujumbe unazunguka kwetu toka Mbale. Mama mmoja anamtafuta mtu aliyechukua shuka. Hakuna jina. Wameandika tu, ana doa la pilipili chini ya jicho la kushoto." Akapiga filimbi kuwaita wenzake. "Jamani! Ni huyu!"

Basi gharama ni hii. Makopo mia na ishirini, pamoja na mafuta yake. Milioni moja na laki nne taslimu. Shati moja. Nauli ya Mbale kwenda na kurudi. Elfu kumi na tano za shuka, ambazo alizilipa pale pale stendi, watu kumi na wanne wakimtazama. Na uso mmoja ambao kwa miaka arobaini na moja haukukumbukwa na mtu, na ambao sasa watu hao kumi na wanne waliujua.