Habari ya Chapeo Iliyosuguliwa, na Vita vya Kuirudishia Uchafu Wake

Tegeni masikio, enyi mliokaa na enyi mnaopita! Mwenye chungu motoni na akiepue, mwenye mtoto anayelia na ampakate, kwa kuwa naleta habari ya vita vilivyopiganwa mchana kweupe juu ya meza ya jikoni, baina ya usafi na uchafu, na humo wakaanguka majemadari watatu, nao ni waya wa kusugulia, sabuni ya kipande, na akili yangu. Shujaa wa habari hii ni mimi mwenyewe, Bibi wa Wajukuu Saba, Mshindi wa Masufuria, Mwenye Goti Linalotabiri Mvua, niliyefika darasa la nne na kuziacha hesabu za kugawanya zikinisubiri mpaka leo. Kama pangekuwa na shujaa mwingine ningemtaja. Hakuwepo, nyumba ilikuwa tupu.

Mjukuu wangu wa tatu, ambaye kwa utani namwita mke mwenzangu, ni mshonaji. Miaka sita ameshona sare za shule, kola na mifuko, kola na mifuko, hata akiota huota kola. Ikawa kundi la maigizo la mtaa wa pili linatafuta mtu wa kutengeneza mavazi ya mchezo wao mpya, wa askari wanaopigana huko kwenye nyota. Kiongozi wa kundi, mama mmoja wa maneno machache, akamwambia: "Nitengenezee helmeti moja ya askari. Isiwe mpya, iwe imepita vita kumi. Nakuja kuiona Alhamisi saa kumi jioni. Nikiridhika, kazi ni yako." Naye mke mwenzangu aliitaka kazi ile mpaka chakula kikamshinda.

Mimi hayo sikuyajua hata nukta. Wiki mbili nilikuwa kwa dada yangu, nikamkandia mgongo, nikarudi Alhamisi hiyo hiyo asubuhi. Mjukuu alikuwa ametoka kwenda kununua uzi.

Nalipoingia jikoni, lo! Kando ya vyombo vya chai visivyooshwa nalikiona kichwa. Chapeo ya plastiki, rangi ya kijani, kioo cheusi mbele, matundu ya kupumulia chini ya kidevu, na uchafu ambao sijaupata kuuona tangu nizaliwe! Masizi mashavuni. Kutu utosini. Mikwaruzo, tope lililoganda, na doa fulani nyuma ya sikio ambalo sikutaka kulijua asili yake.

"Masikini mke mwenzangu," nikanena na kuta, "kanunua kofia ya mtumba, na kazi zimemsonga hata hakupata wasaa wa kuiosha. Ewe uchafu! Miaka sitini tumekutana katika masinia na makarai, na hujapata kunishinda. Leo umevaa kofia ya askari ukidhani sitakutambua?"

Nikakunja mikono ya gauni. Nikatwaa waya kwa kuume, sabuni ya kipande kwa kushoto, nikamwendea adui. Akajificha matunduni, nikamtoa kwa kijiti. Akang'ang'ania utosini, nikamlowesha, nikamngoja kwa subira niliyopewa na Mola, kisha nikamsugua hata akalia kwiii. Goti likanisihi nikae, nikakataa. Maji yalikwenda kijani, yakaenda meusi, yakaenda kijani tena, wala sikujiuliza kwa nini uchafu uwe na rangi nzuri namna ile. Baada ya saa nzima chapeo ilikuwa nyeupe kama yai lililomenywa. Nikaiweka juu ya kitambaa cha kufumwa, nikakaa ningoje kushukuriwa.

Mjukuu akaingia na uzi wake.

"Shikamoo Bibi, umerudi! Helmeti yangu iko wapi?"

"Marahaba. Itazame, ewe mke mwenzangu, ilivyotoka katika giza kuja kwenye nuru!"

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikaa chini sakafuni, uzi mkononi, akasema polepole, "Bibi, ule uchafu niliupaka mimi. Siku tisa. Kwa brashi ndogo."

Hapo ndipo akili yangu, jemadari wa tatu, ilipoanguka.

Saa ilikuwa tano. Kwa jirani yuko fundi wa kupaka magari rangi, ambaye mtaa mzima humwita Ngoja Ikauke, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila mteja. Nikamwendea nikichechemea, chapeo kwapani, nikasimama mbele ya gereji yake nikahutubu: "Ewe bingwa wa bomba la rangi! Nyumba yangu imeingiwa na msiba, na aliyeuleta ni huyu unayemwona!"

Alipoiona chapeo alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, umekwangua mpaka kwenye plastiki! Ningekuwa na wewe gereji, msasa ningenunua wa nini?"

"Cheka upesi, baba, saa kumi inakuja."

Akaja na bomba lake. Akaziba kioo kwa gazeti, akapiga rangi ya fedha. "Ngoja ikauke." Tukaianika juani, tukaikodolea macho watu watatu. Akapiga kijani juu yake. "Ngoja ikauke." Saa nane ikagonga. Kisha mjukuu akashika sifongo na rangi nyeusi ili aichakaze, lakini kwa haraka aliyokuwa nayo madoa yakaenea kila mahali, sawasawa, moja hapa, moja pale.

"Hii imepita vita kweli?" Ngoja Ikauke akauliza. "Mimi naona imepita surua."

Mjukuu akaitupa sifongo. "Basi. Nitarudi kwenye kola zangu."

Neno lile liliniuma kuliko goti. Nikafuta yale madoa kwa kitambaa kabla hayajashika, nikaenda kabatini, nikatoa sufuria yangu kongwe, nikaisimamisha mbele yao.

"Itazame hii. Ina miaka thelathini na moja, na haikuchakaa kila mahali. Imelika ukingoni, mwiko unapogonga. Imelika upande huu, ninaposhika na tambara. Masizi yamebaki kwenye kona tu, kidole kisipofika. Kitu hakichakazwi na miaka, mke mwenzangu, huchakazwa na mikono. Huyo askari wenu huivua vipi kofia yake?"

"Sijui, Bibi. Hayupo."

"Basi kuwa wewe. Vaa. Vua. Vaa tena."

Akaivaa akaivua mara ishirini, mwanzo kwa hasira, kisha akacheka mwenyewe. Mimi nikatazama kidole gumba kinatua wapi, nikapatia alama ya chaki. Tukaona anaiweka chini kwa ubavu wa kushoto kila mara, nikatia alama na hapo. Kisha nikautwaa waya, naye mjukuu akafumba macho, nikasugua penye alama peke yake, taratibu, mpaka fedha ikachungulia chini ya kijani. Masizi ya sufuria tukayakoroga na maji na gundi, tukapaka, tukafuta, yakabaki konani yalipotaka wenyewe. Rangi ya kutu tuliipata kwa kusaga tofali.

Saa kumi kamili, kiongozi wa kundi akabisha hodi. Hakuketi. Aliichukua chapeo, akaigeuza, na kidole chake gumba, bila kuambiwa, kikaenda kutua penye fedha. Ngoja Ikauke akasahau kupumua. Mama yule akaivaa, akaivua, akaiweka chini kwa ubavu wa kushoto.

"Alikuwa nani huyu?" akauliza. "Mwenye kofia?"

"Hakuna mtu," mjukuu akasema. "Tumeimaliza sasa hivi. Rangi nimepiga na fundi, na kuichakaza tumeichakaza na bibi yangu."

Akanigeukia. "Umefanya kazi hii miaka mingapi, Mama?"

"Sitini, mwanangu. Ila siku zote nilikuwa naondoa. Leo ndiyo mara ya kwanza kuweka."

Akacheka kidogo, ndiyo maneno yake mengi hayo, kisha akamwambia mjukuu, "Jumatatu asubuhi njoo ukumbini. Zimebaki helmeti kumi na moja."

Mke mwenzangu akanikumbatia, na masizi yake yote akayaacha kwenye gauni langu la kusafiria, wala sikulikimbilia beseni.

Basi na ijulikane kwa watakaozaliwa na watakaouliza, ya kwamba siku ile ya Alhamisi, saa kumi na dakika nane, mwanamke mmoja mzee, kwa mikono yake miwili na kwa akili zake zilizobaki, alikichafua kitu kikachafuka sawasawa, na nyumba nzima ikampigia makofi.