Radi Kwenye Ukuta wa Kanisa

Alhamisi, 13 Machi
Mzee Andrea wa kanisa ametangaza: atakayeonyesha nyimbo ukutani Jumapili kwa projekta ya kanisa bila kukwama ndiye mtunza mitambo wa usharika. Nafasi yangu hiyo. Hezroni naye anaitaka, fundi wa kufunga spika kwa kamba ya mgomba. Mimi nina kompyuta, ndogo kuliko kipande cha sabuni.

Imekosa chaja tu. Nimekwenda Bondeni, dukani kwa Bashiri. Akanionyesha adapta ya ampea tatu, waya mnene. Eti chaja ya simu itaizima kompyuta katikati ya kazi. Maneno ya mwenye duka hayo. Nikamjibu ninayo ya simu, na tunduni inaingia. Kinachoingia kinafaa.

Ijumaa, 14 Machi
Imewaka! Tena pembeni mwa skrini kumetokea alama ya radi, ya njano. Umeme umejaa hadi unajionyesha. Mke wangu Prisca akauliza kama si onyo. Nikamwambia onyo huwa jekundu.

Jumapili, 16 Machi
Aibu tupu. Wimbo wa kwanza, radi ikatokea ukutani, kubwa kama mlango. Na nje mvua. Mama Tusekile, mzee wa zamu, akafanya tunavyofanya wote Kyela radi ikipiga: akakimbia kuchomoa kila kitu. Spika kimya. Nikamweleza kuwa ile ni radi ya nguvu, haina neno. Akachomeka tena, shingo upande.

Ubeti wa pili kompyuta ikazima yenyewe. Ikawaka. Ikazima. Kwaya ikarudia ubeti uleule mara nne ikiningoja. Mzee Andrea alifumba macho, na sidhani alikuwa anaomba. Hezroni akatoa daftari, akaanza kuwasomea mistari kwa sauti yake ya debe. Waumini wakaitikia vizuri sana. Imeniuma.

Jumatatu, 17 Machi
Mtunza mitambo ni Hezroni. Amekuja asubuhi, mkononi ile adapta ya Bashiri, kainunua mwenyewe. Akasema nafasi ni yake lakini kompyuta ni yangu, basi Pasaka nijaribu tena. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana, machozi yakinilenga. Sikujua ana moyo.

Alipoondoka nimeijaribu. Kompyuta imekaa saa mbili ikiwaka, radi haikutokea hata mara moja. Nilijua tu. Adapta dhaifu, haina hata dalili ya umeme. Nimempa Prisca achajie simu yake.

Pasaka nakwenda na ile yangu.