Mafuta ya Kiyombo

Jumatatu, 7 Juni 1954. Kabambare.

Leo nimeiona njia ya kutoka katika umaskini. Imekuja kwa lori na ina ndevu nyekundu.

Ni mzungu wa kupima mawe. Watu wameshamwita Bwana Nyundo, kwa sababu ya nyundo ndogo inayoning'inia kiunoni mwake. Asubuhi alitukusanya mbele ya ofisi ya serikali akatuonyesha chupa yenye kitu cheusi, kizito. Alisema ni mafuta ya ardhini, yale yanayoendesha magari. Ukiona mahali maji yanang'aa rangi rangi, njoo useme. Atakayeonyesha mahali pa kweli atapewa baiskeli mpya, na kazi ikianza atakuwa kapita, yaani msimamizi wa wachimbaji.

Mimi, Placide, nilikuwa kalani wa kupima pamba miaka minne. Nilifukuzwa kwa ajili ya mzani. Nilisema wakati ule na ninasema tena: mzani ndio uliokosa. Tangu hapo mke wangu Marcelline analima peke yake na mimi ninafikiri.

Asani, fundi cherehani, alikuwa mstari wa mbele kama kawaida yake. Aliuliza swali kwa Kifaransa. Makosa matatu katika sentensi moja. Baadaye alitangaza barazani kwake kwamba mafuta yakipatikana, Kabambare itapata taa barabarani, treni ya kwenda Kasongo na nyumba za matofali, na yeye atawashonea wachimbaji wote kaptula. Watu walimsikiliza. Iliniuma.

Jumanne, 8 Juni.

Asani amenitangulia. Alimpeleka Bwana Nyundo nyuma ya nyumba yake, kwenye kishimo chenye maji yanayong'aa. Bwana Nyundo alichovya kidole, akakilamba. Mawese, mafuta ya kupikia. Alicheka mpaka akakaa chini. Asani amefunga duka, anasema kichwa kinamuuma.

Nimefurahi kutwa nzima. Jioni nikaanza kutafakari. Asani alikosea mafuta tu. Wazo lenyewe halikuwa baya.

Jumatano, 9 Juni.

Nilimkuta Abedi, dereva wa lori la pamba, akimwaga mafuta machafu ya injini. Nilimwomba. Akauliza ya nini. Nikasema ya kufukuza mchwa. Hakuamini, lakini aliviangalia viatu vyangu kwa muda mrefu. Nimerudi nyumbani pekupeku, na bidoni moja la bati lililojaa. Marcelline aliuliza viatu viko wapi. Nikasema kwa fundi.

Alhamisi, 10 Juni.

Nimekwenda Kiyombo, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ndicho kijiji cha Jean-Baptiste, kaka yake Marcelline. Chini ya kijiji kuna chemchemi, na kando yake kinamasi chenye matete. Watu wote walikuwa mashambani wakichuma pamba, maana soko la pamba ni mwisho wa mwezi, na atakayepungukiwa ataenda gerezani siku saba. Saa sita mchana hapakuwa na hata kuku. Nilimwaga bidoni lote, nikaongeza petroli ya taa kidogo ili ing'ae vizuri. Kisha nikateleza, nikazama hadi kifuani.

Marcelline alinusa shati langu. Nikasema nilikuwa ninatengeneza taa. Akasema hatuna taa. Bidoni tupu nimelisukuma chini ya kitanda.

Ijumaa, 11 Juni.

Nimempeleka Bwana Nyundo kinamasini. Alichuchumaa, akanusa. Hakulamba. Alijaza chupa mbili. Tulikuwa pamoja na ajan, kijana wa serikali aliyefika kutoka Ulaya mwaka jana na anayetamani cheo kama mimi ninavyotamani baiskeli. Walizungumza Kifaransa cha haraka. Nilielewa nusu. Bwana Nyundo alitaka tungoje: atapeleka chupa Kasongo kwa wenzake wenye vyombo vya kupimia. Tena alisema kwamba hata mafuta yakiwepo, bahari iko mbali na barabara hakuna; labda wajukuu wa watu hawa wataona kitu, labda nao hawataona. Ajan akajibu kwamba tutachimba huku tukingoja.

Bwana Nyundo aliinua mabega, akapanda lori lake.

Mimi ni kapita. Ajan amenipa kofia ya kaki. Baiskeli itafuata.

Jumatatu, 14 Juni.

Wanaume thelathini wa Kiyombo wametolewa kwenye pamba kwa amri ya ajan. Nilidhani watanichukia. Kumbe wanachimba huku wakiimba. Sababu niliijua mchana, Jean-Baptiste aliponiletea muhogo wa kuchoma. Ni mtu mkubwa wa mwili na mpole. Mwaka ule niliofukuzwa, yeye ndiye aliyetulisha, na hajawahi kunikumbusha.

Aliketi karibu nami akauliza, "Shemeji, mafuta yakitoka, Bula Matari ataacha kutulimisha pamba?"

Bula Matari ndiyo serikali. Nikamwambia bila shaka. Mwenye mafuta anataka pamba ya nini?

"Basi tutachimba," alisema. Akaenda kuwaambia wenzake. Wimbo ukapanda.

Asani alikuja kuangalia. Nilimwamuru asimame mbali na ukingo. Akatii. Kofia ina nguvu.

Jumatano, 16 Juni.

Shimo limefika kimo cha watu watatu, na kuna taabu mbili. Ya kwanza: kadiri tunavyochimba ndivyo mafuta yanavyopungua. Hilo sikuwa nimelifikiria. Ya pili: chemchemi imegeuka tope. Wanawake sasa wanateka maji mtoni, mwendo wa saa nzima, na kila wakipita na vyungu vyao wananitazama.

Taabu ya kwanza nimeiponya. Nilitoa kitenge cha Pasaka cha Marcelline sandukuni, nikampa Abedi, akanipa bidoni jingine. Asubuhi kabla watu hawajafika ninashuka kwa ngazi, ninamwaga kidogo, kisha ninalificha matetani. Ajan akija ananusa na kuandika. Leo alisema harufu inazidi. Ni kweli inazidi.

Alhamisi, 17 Juni.

Jean-Baptiste amenikuta.

Alikuwa amewahi ili aangalie kuta za shimo, kwa sababu jana aliona maji yakitoka upande wa kinamasi. Mimi nilikuwa chini, bidoni mkononi. Alisimama juu akinitazama. Alishuka ngazi, akanusa bidoni, akakaa juu ya udongo kama mtu aliyetoka safari ndefu.

"Ulisema pamba itakwisha," alisema.

Nililiweka bidoni chini.

"Hawa watu wanaimba, shemeji. Hata muzee wangu, na miguu yake ile, alitaka kuja kuchimba."

Kisha alisimama, akagusa ukuta, na mchanga ukamwagika kati ya vidole vyake. Alisema ardhi hii imelowa ndani. Ama iwekwe miti ya kuishika, ama watu waache kuingia. Alisema hatanishitaki, kwa ajili ya dada yake. Lakini niseme mwenyewe, leo hii, kabla jua halijazama.

Nikaahidi. Nilikusudia kweli. Lakini ajan alifika amechangamka: barua yake imesomwa Kasongo na wakubwa wameipenda, na Jumapili baiskeli yangu itakuja na lori. Niliona kesho itafaa zaidi. Kuhusu miti, nilimuuliza kwa mbali. Akasema kukata miti ni kupoteza siku tatu. Sikumbishia.

Wakati wa kutawanyika Jean-Baptiste alinitazama, akingoja. Nikamwonyesha kwa mkono: kesho.

Ijumaa, 18 Juni.

Nilichelewa kufika. Nilikuwa ninafua shati la kupokelea baiskeli.

Kazi ilikuwa imeshaanza. Wachimbaji wamenisimulia. Jean-Baptiste alimwambia ajan kwamba ukuta ni mbovu. Ajan akasema kapita hajaripoti jambo lolote, washuke. Basi Jean-Baptiste akawakataza vijana, akashuka yeye na jirani yake Pierre tu. Alisema kapita atakuja sasa hivi, ana neno la kusema.

Nilikuwa ninateremka kilima ukuta ulipoanguka. Haukutoa sauti kubwa. Ilikuwa kama gunia la pamba linalotupwa sakafuni.

Tulichimba kwa majembe, kisha kwa mikono. Asani naye alichimba, kucha zikamtoka damu. Pierre tulimtoa akiwa hai, mguu umevunjika mara mbili. Jean-Baptiste tulimfikia saa nane. Alikuwa amesimama wima. Kinywa kimejaa mchanga.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumamosi, 19 Juni.

Tumemzika.

Marcelline alimwosha kaka yake uso mara tatu, na kila mara mchanga mwingine ulitoka masikioni. Uchafu uliondoka. Harufu ya mafuta haikuondoka. Nilimwona akisimamisha mkono, akanusa kitambaa cha kumwoshea. Kisha akanitazama, muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Baada ya hapo hakusema nami tena.

Baba yao alikaa kando ya kaburi na miguu yake iliyovimba. Alinishukuru kwa kuja.

Jumatatu, 21 Juni.

Bwana Nyundo amerudi. Alituita sote penye shimo, watu wa Kiyombo na wa Kabambare, akasema kwa kinywa cha mkalimani: haya ni mafuta ya injini ya lori. Alisema alishuku tangu siku ya kwanza, na alimwambia ajan angoje. Wanaume walilitazama shimo, kisha wakaitazama mikono yao.

Ajan alikuwa mwekundu, akawa mweupe. Alinigeukia: nani alikuonyesha mahali hapa?

Nilipata nafasi ya kuvuta pumzi moja tu. Nikasema ni Jean-Baptiste.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo nitaandika ukweli. Ulimi ulitangulia akili. Lakini neno lilipokwisha kutoka niliona ni jibu zuri. Marehemu hafungwi. Nikaongeza kwamba nilimwona na bidoni. Baba yake alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwangu.

Marcelline alitoka kati ya wanawake. Aliweka bidoni tupu miguuni pa ajan.

"Hii ilikuwa chini ya kitanda yetu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kila siku. "Kitenge yangu iko kwa bibi ya Abedi, dereva. Mutamukuta amejifunga. Kaka yangu hakukuwa mutu wa uongo. Mwenye uongo ni huyu, bwana yangu."

Kisha akamshika baba yake mkono, akamwinua, wakapanda taratibu njia ya kijijini. Nilimwita. Hakugeuka.

Nilimtafuta Asani kwa macho, maana nilijua atacheka. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Polisi walinivua kofia kwanza, ndipo wakanifunga mikono.

Jumapili, 11 Julai. Gereza la Kasongo.

Nimepewa miaka miwili. Tunavunja mawe ya barabara, isipokuwa Jumapili.

Juzi waliletwa wanaume kumi na mmoja wa Kiyombo. Siku saba kila mmoja, kwa sababu soko la pamba lilifika na vikapu vyao havikujaa. Nilidhani watanipiga. Hawakunigusa. Walipita mbele yangu mmoja mmoja uani, kama watu wanaozunguka kisiki. Mmoja wao alikuwa na mwendo wa Jean-Baptiste. Nilisimama kabla sijajua kwamba nimesimama.

Abedi naye yuko hapa, chumba cha pili. Ananisingizia mengi. Ajan amehamishwa, wanasema kwenda mahali pazuri. Marcelline ametuma neno kupitia kwa katekista: nisimtafute, si leo, si nikitoka. Wakati mwingine ninatafuna ugali na ninahisi mchanga. Siku mbili sikuweza kula. Siku ya tatu nilikula.

Nimetafakari sana humu. Mtu akifungiwa anapata nafasi ya kuitazama roho yake, na mimi nimeitazama. Kosa langu nimeliona waziwazi, wala sitalificha: nilitumia mafuta ya injini. Mzungu yeyote mwenye pua angeyatambua.

Mwenzangu wa kulala, Fidèle, aliwahi kuwapikia wazungu kule ziwa Tanganyika. Anasema huko mafuta ya ardhini yanaelea yenyewe juu ya maji, meusi, ya bure. Unajaza bidoni unaondoka. Mafuta ya kweli! Nani atayaita uongo? Yeye anatoka mwezi wa tatu, mimi nikiwa na tabia njema huenda nikapunguziwa. Kilichobaki ni mahali pa kuyamwaga, mbali na Kabambare, ambako sijulikani. Fidèle ana shemeji yake huko upande wa Nyangwe, mjane, shamba lake limeingia kwenye kinamasi.

Nilimuuliza kama kuna watu wa kuchimba. Anasema mama huyo ana kaka watatu, wote wana nguvu, na si watu wa kubishana.