Majani Yaliyoota Nywele

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Majani yaliyo ndani ya tangi la samaki pale mapokezi yameota nywele. Kweli, nywele! Nyuzi za kijani, zateleza kama makamasi. Bwana Ndirangu, meneja wetu, katangaza jikoni: mwenye hoteli arudi Jumamosi, na atakayelisafisha tangi likang'aa ndiye atakayepewa zamu ya asubuhi. Nikainua mkono kabla hajamaliza. Mumbua wa dobi akanitazama. Aitaka ile zamu, namjua. Aitake tu. Mimi natoka kazini mwanangu Sidi keshalala kwa jirani, Mama Randu. Jana nilipombeba alifumbua jicho moja, akalia arudishwe kwa mama. Mama gani tena, mwanangu? Sikulia. Nilisugua sufuria mpaka ikalia yenyewe.

Jumanne, 5 Agosti
Nimefikiri sana. Mmea ni mmea. Kwetu Marafa kinachougua kivulini hutolewa juani. Meza ya tangi ina magurudumu, basi nimeisukuma hadi dirishani, jua lapiga kutwa. Mumbua akapita na shuka zake, akauliza, "Mama Sidi, unaanika samaki ng'onda?" Wivu huo.

Alhamisi, 7 Agosti
Maji yamekuwa rangi ya mchuzi wa mchicha. Nywele zimekuwa ndevu. Nikajua: njaa! Shamba lililochoka hutiwa samadi. Nimeokota mavi ya mbuzi wa Mama Randu, nikayatwanga, nikayafunga kitambaani, nikayafukia chini ya mchanga wa tangi. Bwana Ndirangu akauliza harufu gani hii. Nikamwambia ni ya wageni. Akaenda zake. Wageni hawasemwi.

Jioni Mumbua kaja na sauti ya upole. Ati niliondoe tangi juani, nipunguze chakula cha samaki, nibadili nusu ya maji, na kila jani nilisugue kwa vidole. Ati alionyeshwa na mama mmoja wa Kizungu ambaye yeye alikuwa akimfulia nguo kule Kilifi. Basi tu? Rahisi hivyo? Mtego! Nikamshukuru sana. Kisha nikawaongeza samaki mkate.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama Randu kaenda matangani, nimekuja kazini na Sidi. Samaki wote wako juu, midomo wazi, wahema kama wazee waliopanda mlima. Sidi kabandika pua kwenye kioo. "Mama, wasuke." Ameyaona majani ni watoto wenye nywele timtim. Nikamkataza asitie mkono. Akatia. Nikamchapa kidole, kidogo tu, neno langu ni neno. Akanuna, kisha akanilalia mapajani, mchana kweupe. Uzito ule! Harufu ya utosi wake! Sikumbuki mara ya mwisho alipolala mikononi mwangu badala ya kuletwa kalala. Nikasahau samaki.

Nilipozinduka, Mumbua kakunja mikono ya gauni, yumo tangini hadi viwiko, asugua jani moja moja. Kakivuta kifurushi changu cha samadi, kakinusa, kanitazama. Akarudi kusugua. Nami sikusimama. Sidi angeamka.

Jumamosi, 9 Agosti
Mwenye hoteli kafika. Maji meupe, majani kama yamezaliwa leo, samaki wacheza. Akauliza kazi ya nani. Mumbua akajibu kabla yangu: "Ya Mama Sidi." Zamu ya asubuhi ni yangu!

Nikamfuata uani nimuulize anataka nini kwangu. Akacheka. Ati asubuhi hataki hata kuisikia, yeye ni mtu wa kulala. Ati aliinama juu ya tangi akamwona mtoto alivyonishika kanga, akaona basi, anisaidie. Nimelifikiri jambo hilo njia nzima. Zamu imeanza leo leo: nimefika nyumbani jua lingali juu, Sidi yu macho, tumekula pamoja, kanimwagia uji mapajani.

Bwana Ndirangu kasema zamu ni yangu madhali tangi ni safi. Litakuwa safi! Maana sasa nimeelewa: samadi ndiyo iliyofanya kazi, ila ilichelewa. Na leo nikiondoka nimeona jani moja limepauka, maskini, kule kivulini alikolirudisha tangi Mumbua. Jumatatu nalirudisha dirishani. Nimeshazungumza na Mama Randu kuhusu banda lake. Samadi ya kuku haichelewi.