Mrija Niliokwenda Nao Ukweni

Alhamisi, 14 Agosti

Nimechoka. Padri anasema ndoa haitangazwi kanisani mpaka mimi na Loveness tulete majibu ya kipimo cha Ukimwi. Loveness amepima leo hii hii akitoka kufundisha, yuko salama, akapitia na chipsi. Kwake ni kama kwenda kununua vocha!

Mimi je? Kwa habari ya wanawake sina wasiwasi, Mungu shahidi. Lakini vitu! Miaka minne navaa helmeti za bodaboda zenye jasho la Madale nzima. Choo nachangia na wapangaji sita. Kazini masjala tuna kikombe kimoja cha chai, na Brightson, karani mwenzangu, hukilamba ukingo. Nimemwambia Loveness nitapima mafua yakiisha. Mafua sina.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimenunua kikombe changu, nikaandika ANSBERT kwa maka peni. Saa nne Brightson alikuwa anakinywea. Nikamuuliza kama hajaona jina. Akasema ameliona, ndiyo maana akajua ni cha ndugu yake. Nimemwachia. Nimeshinda bila chai, kichwa kinagonga.

Na huyu ndiye mshenga wangu! Kesho tunakwenda naye ukweni, Kinyerezi. Loveness kanionya kwamba baba yake atatoa kata ya mbege, pombe ya ndizi ya Kichagga, tuinywe kwa zamu, na huko ndiko kukubaliwa kwenyewe. Kata moja, midomo kumi na miwili. Nimepata wazo.

Jumamosi, 16 Agosti

Wazo lilikuwa mrija wa juisi. Niliuficha kwenye soksi.

Mzee Stanley, baba yake Loveness, akanywa. Akampa Brightson, akanywa mpaka masharubu yakaloa, akanipa mimi. Nikageuka kama mtu anayetaka kukohoa, nikatumbukiza mrija. Kumbe mbege ina ulezi. Mrija ukaziba. Nikavuta, wapi. Nikapuliza ili uzibuke. Ukazibuka! Mbege ikaruka hadi kwenye koti la mzee.

Mzee akauliza kwa upole kama ndivyo tunavyokunywa kwetu Bukoba. Nikaona mlango wa kuponea umefunguka. Nikasema naam, mzee, kwetu rubisi, pombe yetu ya ndizi, hunywewa kwa mrija, ni heshima kubwa. Mzee akaanza kutikisa kichwa kukubali. Ningepona! Lakini Brightson, mtu niliyemleta anitetee, akacheka, akasema mrija gani wa heshima unatoka kwenye soksi, huyu braza wiki nzima anakimbia vikombe, anaogopa Ukimwi.

Shangazi Apolonia, aliyepika mbege ile na aliyemlea Loveness tangu mama yake afariki, akaichukua kata mikononi mwangu, akaiweka chini. Akaenda jikoni, hakurudi.

Loveness kanieleza getini. Shangazi anaishi na virusi na anatumia dawa mwaka wa kumi na tisa sasa, ukoo mzima unajua. Wamekula sahani moja tangu Loveness akiwa na miaka saba. Akasema leo kwa mara ya kwanza ameona aibu, na si kwa ajili ya shangazi.

Jumapili, 17 Agosti

Hatukutangazwa. Ujumbe mmoja tu kutoka kwa Loveness: nikapime, kisha nikamwombe shangazi radhi. Nikishindwa, basi. Hilo "basi" nimelisoma mara ishirini. Nampenda huyu mwanamke jamani.

Mafua yamenishika kweli. Yaani hata uongo wangu unaniadhibu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekwenda kupima Chanika, mbali, asinione mtu. Nesi anaitwa Lusungu. Nikamkabidhi orodha ya vitu nilivyogusa, kurasa tatu. Akaisoma yote, maskini, kisha akavua miwani.

Akasema helmeti haiambukizi. Choo hakiambukizi. Kikombe, jasho, mate, kushikana mikono, hakuna. Ni ngono bila kinga, ni damu, ni mama kwa mtoto. Na anayekunywa dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi hata mwenzi wake kitandani, sembuse mgeni kwenye kata ya pombe. Nikamwuliza, na kiti hiki nilichokalia? Akaita anayefuata.

Majibu: sina maambukizi. Nimelia pale pale. Akanipa tishu. Niliikagua kwanza.

Jumamosi, 23 Agosti

Kinyerezi tena, na kitenge na sukari kilo tano. Nikapiga shikamoo mlangoni, nikapiga na chafya. Shangazi Apolonia akaniambia nisimame hapo hapo. Akaenda kuvaa barakoa! Akasema mwenye maradhi hapa ni mimi Ansbert, na yeye afya yake ameilea kwa miaka kumi na tisa, haji kuiharibu kwa mafua ya mkwe.

Nikaomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yote yakapotea. Akasema Jumamosi ile alikwenda jikoni kulia. Maneno ya watu alishayazoea. Kilichomuuma ni kwamba mbege ile aliipika wiki nzima akiimba, kwa furaha kwamba mtoto wake anaolewa. Nilitamani ardhi inimeze. Nasema kweli, nilijiona mtu wa hovyo.

Akanisamehe. Akampigia Loveness pale pale, nikasikia anacheka. Kesho tunatangazwa.

Jumapili, 24 Agosti

Tumetangazwa! Nimechoka, lakini safari hii kwa furaha. Sasa naelewa kila kitu. Ujinga wote umenitoka.

Baada ya misa, nje ya kanisa, shangazi akatoa zawadi. Pete yake ya ndoa, aliyovishwa na marehemu mumewe, ameivaa miaka thelathini. Akasema Loveness aivae siku ya harusi. Akamvisha aijaribu, ikamkaa sawasawa. Wote wawili wakalia. Hata mimi.

Nikaomba jambo moja dogo, tena kwa kunong'ona, kwa heshima zote: kwamba tuiloweke kwenye jiki ya kuulia vijidudu kwanza, siku mbili tu.

Loveness akaivua, akaifunga kwenye leso, akamshika shangazi mkono, wakaondoka. Tangu saa tano simu yake haipatikani.

Bila shaka wameshaanza kuiloweka. Nimepata mke mwelewa.